Vitu vya chemsha bongo ambavyo havikupata kuuzwa dukani

Vitu vinavyotokana na vipindi vya chemsha bongo vya televisheni viko vya namna mbili, na anayeanza kukusanya inampasa alijue hilo kabla hajatoa hata pauni moja. Kuna vile vilivyotengenezwa viuzwe: michezo ya ubaoni ya kuchezea nyumbani, vitabu vya maswali, vikombe, fulana. Hivyo baba aliweza kuingia dukani Jumamosi akamnunulia mwanawe. Halafu kuna vile ambavyo havikupata kuuzwa popote. Ukitaka kimoja ilikuwa lazima usafiri hadi studio, ukae chini ya taa, uulizwe swali huku nchi nzima inakutazama. Hivi vya pili ndivyo vinavyonitoa nyumbani alfajiri ya Jumapili, iwe baridi isiwe baridi, kwenda kupekua meza za watu wanaouza vitu kutoka kwenye buti za magari yao.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na Leicester, mji wa Uingereza, nimekaa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na mambo haya nimeyajulia huko. Ukimhudumia mzee wa Kiingereza alasiri, uwezekano ni mkubwa kwamba televisheni inaonyesha Countdown. Ndicho kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa na Channel 4 ilipofungua matangazo yake tarehe 2 Novemba 1982, na hadi leo kipo. Asili yake ni Ufaransa, kwenye kipindi cha Des chiffres et des lettres. Washiriki wawili wanapewa herufi tisa watunge neno refu kadiri wawezavyo, au namba sita wazijumlishe na kuzizidisha mpaka wafike kwenye namba waliyotajiwa, na saa kubwa ukutani inawahesabia sekunde 30 kwa muziki ambao kila mzee ninayemtunza anaweza kuuimba kwa mdomo. Mwisho linakuja fumbo la herufi tisa zilizovurugwa. Hakuna fedha. Anayeshinda anaondoka na buli la chai.

Buli hilo nimelishika kwa mikono yangu. Lilikuwa la bibi mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha soksi, maana Leicester ilikuwa mji wa soksi na fulana kabla viwanda havijafungwa. Mumewe alishinda mchezo mmoja wa Countdown, akashindwa uliofuata, akarudi nyumbani na buli. Lilikaa kwenye kabati la vioo, rafu ya juu, peke yake. Ni la kauri, na limetengenezwa lifanane na ile saa ya kipindi, kwa hiyo ukilitazama kwa mbele unaona uso wa saa. Bibi alinikabidhi kazi ya kulipangusa, na alinitaka nilishike kwa mikono miwili, mmoja chini, mmoja kwenye mkono wa buli lenyewe. Ndani lilikuwa safi kabisa. Nilimuuliza kama liliwahi kutiwa chai, akashtuka. Chai yao waliinywa kwenye buli la kahawia lililomomonyoka mdomo, miaka yote.

Fumbo alilolifumbua mumewe alilikumbuka. Jibu lilikuwa "marmalade", ile jamu ya machungwa. Alisema mumewe alibonyeza kabla saa haijafika nusu, kwa kuwa chupa ya jamu hiyo ilikuwa mezani kwao kila asubuhi na herufi zake amezikodolea macho miaka na miaka huku akisubiri mkate uungue. Kila alipolisimulia hili alikuwa anacheka peke yake kwa muda mrefu, na mimi nasubiri amalize ndipo nimpe dawa zake.

Bibi alipofariki, binti yake alikuja kufungasha vitu. Sahani zilikwenda kwenye duka la hisani, makochi yakabebwa na halmashauri, buli akaliviringisha kwenye taulo akaliweka kiti cha mbele cha gari na kulifunga mkanda. Nilifurahi mno. Buli la Countdown sina mpaka leo, na lile nisingelikubali hata kama angenipa, kwa sababu kwenye kabati langu lingekuwa kauri tu, na kwa binti yule ni baba yake aliyelijua neno.

Hapo ndipo nilipojiwekea sharti ninalolishika hadi leo: vitu vya dukani nanunua kwa yeyote, ila zawadi ya mshiriki siinunui mpaka muuzaji aniambie nani aliishinda na alishindaje. Nikishaambiwa naandika kwenye kadi kwa kalamu ya risasi, naiweka pamoja na kitu chenyewe. Jina la mtu sichapishi hapa. Kadi inabaki na kitu, na siku nikiondoka duniani atakayekichukua atakuta maelezo yake.

Mtu atasema ni vitu vya bei rahisi, vya nini kuvifanyia hivyo? Lakini urahisi wake ulikuwa na sababu. BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na kila nyumba yenye televisheni, na haikutaka ionekane inamwaga fedha za wananchi kwenye zawadi. ITV nayo, iliyojiendesha kwa matangazo ya biashara, iliwekewa kikomo cha thamani ya zawadi na mamlaka iliyoisimamia, IBA. Watengenezaji wa vipindi wakabaki na njia moja: kubuni kitu ambacho hakina thamani dukani lakini hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa nacho. Na walikibuni vizuri. Naamini kwa dhati kwamba miaka ile ya kubanwa ilizaa zawadi nzuri kuliko zote zilizokuja baadaye.

Chukua kitabu cha hundi cha Blankety Blank. Kipindi hiki kilianza BBC mwezi Januari 1979, kikiendeshwa na Terry Wogan, na kuanzia 1984 Les Dawson. Mchezo wenyewe ulichukuliwa Marekani, kutoka Match Game: mshiriki anasomewa sentensi yenye pengo, anataja neno la kulijaza, na watu sita maarufu waliokaa kwenye ngazi mbili wanaonyesha waliyoandika wao. Aliyeshindwa alipewa kifuta machozi: kitabu cha hundi na kalamu, tuzo ya rangi ya fedha, hakuna hundi ya kuchana wala wino wa kuandikia. Les Dawson alizisema vibaya zawadi za kipindi chake mwenyewe, wiki baada ya wiki, na watazamaji wakampenda kwa hilo. Matokeo yake kitabu kile cha aliyeshindwa kikawa na jina kuliko zawadi ya mshindi. Mshindi alipata kifaa cha umeme ambacho kimeshaharibika na kutupwa siku nyingi. Aliyeshindwa bado anacho chake.

Nimewahi kukishika kimoja kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Kina uzito usioutarajia. Mwenyewe hakuwa anakiuza, alikileta watu wakione tu, na alikuwa na picha yake akiwa kijana mwenye masharubu kando ya Les Dawson. Hiyo ndiyo hali ninayoipenda: kitu, picha na mtu mwenyewe, vyote viko meza moja.

Kwa upande wa ITV hakuna kinachoshinda Bullseye, iliyorushwa tangu 1981 hadi 1995 na kuendeshwa na Jim Bowen. Washiriki walikuja wawili wawili, mmoja wa kurusha vishale, mwingine wa kujibu maswali. Nembo ya kipindi ilikuwa ng'ombe dume mnene, Bully, aliyevaa fulana ya mistari myekundu na myeupe na suruali ya buluu. Mwishoni waliobaki walitakiwa kuamua: waondoke na walichonacho, au wakicheze kamari kwa kufikisha alama 101 kwa vishale sita wapate zawadi kubwa iliyofichwa nyuma ya ukuta. Wakikosa, ukuta ulifunguliwa hata hivyo waone walichokipoteza. Mara nyingi ilikuwa boti ya mwendo kasi.

Mimi nimezaliwa mahali ambapo kila mtaa una mtu wa bahari, na suala la boti hizi linanigusa. Kipindi kilirekodiwa Birmingham na baadaye Nottingham, katikati kabisa ya nchi, na washiriki wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na migodini. Bahari iko mbali. Nyumba ni za mstari mmoja, mlango unafungukia barabarani. Boti utaiweka wapi, na watu wawili mtaigawanaje? Wengi walioshinda waliiuza upesi. Waliokosa walirudi na vishale vya Bullseye, kikombe cha bia cha mkono kilichochorwa jina la kipindi, wanawake bilauri, na ng'ombe wa mpira anayekunjika. Nenda leo kwenye soko lolote la vitu vya zamani hapa Midlands, boti huioni, ila huyo ng'ombe wa mpira utamkuta.

Mmoja wao ndiye huyu aliye mezani kwangu ninapoandika. Nilimkuta kwa mzee wa Kihindi aliyepanga vitu vyake kwenye turubai: mizani ya shaba, kanda za muziki, pasi, na ng'ombe kasimama katikati yao. Nilimsalimu kwa Kiingereza, akasikia lafudhi yangu, akaniuliza, "Mama, wewe ya wapi, Kenya?" Alikuwa wa Kampala, kizazi kilichofukuzwa na Amin mwaka 1972. Leicester ina watu wengi wa namna hiyo, na Kiswahili chao kingali kinapumua.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mimi wa Mombasa. Huyu ng'ombe ni wako?"

"Marahaba. Hapana, si yangu. Hii ng'ombe ya jirani yangu. Yeye alienda kwa TV, alitupa mshale."

"Alishinda?"

"Alikosa kidogo tu. Zile mia na moja, yeye alipata tisini na kitu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na karavani. Bibi yake alikasirika mwezi mzima."

Mtaa mzima, alisema, ulikusanyika nyumba moja siku kipindi kiliporushwa, na yeye na mkewe walialikwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kuingia ndani kwa majirani Waingereza na kukaa, baada ya miaka ya kusalimiana uani tu. Mkewe alipeleka sambusa. Jirani alipohamia nyumba ya wazee akawagawia watu vitu vyake. Mwanawe alichukua kikombe, mzee akapewa ng'ombe. Nikamuuliza mbona anamuuza. Akasema wajukuu wanamvuta miguu, na waya umeanza kutokeza.

Ni kweli, na wanaokusanya wasikilize hapa. Wanasesere hawa ni mpira wa sponji uliovikwa juu ya waya. Mpira unakauka, rangi inapasuka kwanza kwenye viwiko na magoti, mahali ulipokuwa ukikunjwa, kisha unaanza kumung'unyika. Usimweke karibu na hita, usimweke dirishani, na usimkunje hata kidogo kwa kumwonyesha mgeni. Wangu ana ufa chini ya kwapa la kulia na pembe moja imechubuka. Sijaupaka rangi upya wala sitaupaka. Nimemvisha karatasi laini isiyo na asidi na kadi yake iko naye, yenye karavani, sambusa na hasira ya mwezi mzima.

Pipa la kipindi cha 3-2-1 nitalipitia upesi kwa kuwa hatujawahi kupendana. Yorkshire Television walikionyesha kipindi hicho tangu 1978 hadi 1988, Ted Rogers akiwa mwendeshaji, kwa mfano wa kipindi cha Hispania. Ukichagua vibaya unaishia na Dusty Bin, pipa la taka lenye uso. Wahispania kwao mkosi huo ulikuwa boga. Waliotolewa mapema walipewa sanamu dogo la pipa hilo la kauri, na hilo ni zawadi halali. Lakini pipa hilohilo lilitolewa pia kwa sura nyingi za dukani, na wauzaji wengi huyachanganya, kila mmoja anakuapia kuwa lake limetoka studio. Bila maelezo ya nani alilipata, silinunui.

Kwenye vitu vya dukani mimi ni mwepesi zaidi. Ninazo Blockbusters za Waddingtons, kampuni ya Leeds, na Countdown ya Spear's, na nazitoa tukazicheza wapwa zangu wakija. Blockbusters ilikuwa ya vijana wa sekondari wa miaka 16 hadi 18, ikiendeshwa na Bob Holness kuanzia 1983, ubao wenye pembesita za herufi. Washiriki wake waliondoka na kamusi na fulana nzito ya kipindi. Fulana hiyo ukiipata imeoshwa mpaka maandishi yamefifia, ndiyo ya kweli: kijana aliivaa chuo kizima. Iliyo mpya kabisa inanitia shaka. Maswali ya michezo hii ya nyumbani nayo yana raha yake. Ni ya zama ambazo Ujerumani bado ni mbili na Zaire iko kwenye ramani, na wapwa zangu wananibishia majibu yaliyokuwa sahihi wakati kadi zinachapishwa.

Tahadhari moja kwa walio Leicester hasa. Mchezo unaoitwa Mastermind, wa vijiti vya rangi unavyovipanga kwenye ubao wa plastiki, hauhusiani kabisa na kipindi cha Mastermind cha BBC. Ulibuniwa na Mordecai Meirowitz, Mwisraeli, na ukatengenezwa hapahapa na Invicta Plastics, Oadby, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Umeuzwa mamilioni duniani, na ile picha ya jalada ya bwana mwenye ndevu na binti aliyesimama nyuma yake ilipigwa mjini humu. Ni mchezo mzuri na ninao. Ila ukiuziwa kama kumbukumbu ya kipindi cha televisheni, rudisha mezani.

Mastermind ya televisheni yenyewe haikuwa na mengi ya kuuza. Ilianza 1972. Aliyeibuni, Bill Wright, alikuwa askari wa ndege za vita aliyetekwa na Wajerumani na kuhojiwa, na mahojiano yale ndiyo yaliyompa ile picha: kiti kimoja cheusi, taa moja, sauti inayouliza bila kupumzika. Magnus Magnusson aliiendesha kwa miaka 25. Wote walikwenda mikono mitupu isipokuwa bingwa wa msimu, aliyepewa bakuli la kioo la Caithness Glass, kutoka Wick kaskazini mwa Scotland, lililochongwa na Denis Mann. Bakuli moja kwa msimu mmoja. Mwaka 1980 lilichukuliwa na Fred Housego, dereva wa teksi wa London. Mwaka 1983 likaenda kwa Christopher Hughes, dereva wa treni. Na mwaka 1977 lilikwenda kwa Sir David Hunt, ambaye wazee wa Kampala huenda wanamkumbuka kwa sababu nyingine: ndiye aliyekuwa Balozi wa Uingereza Uganda kati ya 1962 na 1965. Mtu aliyekaa mezani na wakuu wa nchi, na dereva wa teksi, wamekaa kiti kilekile, wakaulizwa kwa sauti ileile, wakapata bakuli lilelile. Mashindano ya namna hii nayaheshimu kwa moyo wote. Kiti chenyewe, mfululizo wa kwanza ulipoisha 1997, alipewa Magnusson.

Mwaka uliofuata ikaja Who Wants to Be a Millionaire?, na kikomo cha zawadi kilikuwa kimeshaondolewa. Judith Keppel alipotwaa pauni milioni mwezi Novemba 2000 nchi ilisimama. Simnyimi yeyote fedha. Ningezishinda mimi ningejenga Mombasa. Lakini hundi ikishaingia benki hakuna cha kuweka kabatini, wala cha kumpa jirani unapohama.

Nyumbani nako tuna vyetu. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha Africa Challenge, chemsha bongo ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, mwuliza maswali akiwa John Sibi-Okumu. Mwaka 2008 Celtel ikageuzwa jina ikawa Zain, na kipindi kikabadilika nayo. Mwaka 2010 biashara ikanunuliwa na Airtel ya India. Kwa hiyo fulana za kipindi kile zina majina ya kampuni zisizokuwapo tena barabarani, na ziko mitumbani au zinapigia deki. Mpwa wangu aliketi kwenye kundi la washangiliaji wa chuo chake na ameniletea fulana yake ya Zain, kola imelegea, ina doa la wino mfukoni. Kadi yake imejaa pande zote mbili.

Ya Celtel, ya msimu ule wa kwanza, sijaipata. Ikiwa unayo, au shemeji yako anayo, au umeiona imening'inia Gikomba au Kariakoo, niandikie. Nauli ya posta nalipa mimi. Ila aliyeivaa anieleze kwanza chuo gani, walishindana na nani, na ni swali gani lililowatoa au kuwapitisha.